Uzi: Mdogo wangu anataka kushindana na Google kwa Kiswahili. Nimpe hela ya bati?

#1 KakaMkubwa
Wakuu salaam. Naombeni mawazo, na mliomo kwenye mambo ya kompyuta msinifiche kitu.

Mdogo wangu alimaliza chuo mwaka juzi. Yeye na wenzake wawili wanajenga injini ya utafutaji ya Kiswahili. Wamepanga chumba kimoja Nyegezi, umeme ukikatika wanahamia kwa jirani mwenye sola. Sasa wananiomba milioni nane. Hizo nane ndizo nilizotenga kupaulia nyumba. Kuta zimesimama tangu Machi, mbao ninazo, kilichobaki ni bati na fundi.

Dogo ana akili na simtilii shaka. Ila nikilala nawaza: watu wenye mabilioni ya dola wameshindwa, sembuse vijana watatu wa Nyegezi? Kuna kampuni changa yoyote iliyowahi kuitikisa Google kwenye kutafuta?

#2 Mzee wa Modemu
Google yenyewe, mkuu. Mnasahau haraka sana. Mwaka 1998 walikuwa vijana wawili wa Stanford, Larry Page na Sergey Brin, na uwanja ulikuwa umeshajaa: Yahoo, Lycos, Excite, Infoseek, na AltaVista ya kampuni ya Digital iliyoanza 1995. Mimi AltaVista nimeitumia kwenye kibanda cha intaneti Posta, tunalipia kwa nusu saa, ukurasa unafunguka mstari kwa mstari.

Mwaka 1999 hao vijana walitaka kuiuzia Excite mtambo wao. Bei ikashuka mpaka dola 750,000. Mkubwa wa Excite akakataa. Leo Excite nani anaikumbuka? Mpe dogo hela.

#3 Kibanda cha Simu
Mzee #2 hadithi yako tamu, ila hapo katikati kuna kitu umekiruka. Enzi hizo mtu alikuwa anachagua. Akiona AltaVista inaleta takataka, anaandika anuani nyingine. Leo hachagui mtu.

Nauza simu Kariakoo mwaka wa tisa huu. Mteja akinunua namwashia, namwekea laini, anafungua namba yake ya WhatsApp, anaondoka. Kile kiboksi cha kutafutia kipo mbele yake tangu simu inatoka kwenye boksi. Tangu nianze hajatokea mteja hata mmoja kuniuliza kama kinaweza kubadilishwa. Hata mmoja. Wanauliza kamera, chaji, na kama ina laini mbili.

Mwenye kile kiboksi ndiye mwenye nchi. Dogo wa Nyegezi atakipata wapi?

#4 FundiSeva
Nakazia #3, na namba zake zipo wazi tangu kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google. Kwa mwaka 2021 peke yake Google ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe ndiyo iliyowekwa tayari kwenye simu na vivinjari vya watu wengine. Apple peke yake ilipata kama bilioni 20 mwaka 2022. Hiyo hela hailipii kujenga mtambo. Inalipia wewe usisumbuke kubadilisha.

Kuhusu swali la mleta mada, waliojaribu ni wengi na hawakuwa wanagenzi. Hawa ninaowakumbuka:

Cuil, Julai 2008. Baadhi ya walioianzisha wametoka Google kwenyewe, wamekusanya dola milioni 33, wakatangaza kwamba wana kurasa bilioni 120. Siku ya kwanza watu wakafurika, mtambo ukaelemewa, majibu yakawa ya ovyo, picha za watu zikakaa kwenye majina yasiyo yao. Septemba 2010 ikazimwa.

Mwaka huohuo 2008 Jimmy Wales wa Wikipedia alizindua Wikia Search, watu wenyewe ndio wapange majibu. Haikufika mbali, mwaka uliofuata imefungwa. Powerset ilikuwa inajaribu kuelewa sentensi nzima badala ya neno mojamoja, Microsoft wakainunua. Blekko ilifunguliwa kwa umma 2010, ilikuwa nzuri kweli, unaweza kuzuia tovuti za kitapeli usizione kabisa. Mwaka 2015 IBM wakaichukua na ikafa.

Inayoniuma mimi ni Neeva. Sridhar Ramaswamy ndiye aliyekuwa anaongoza matangazo yote Google. Akaondoka, 2019 akaanzisha injini isiyo na tangazo hata moja, unalipia kama dola 5 kwa mwezi. Niliijaribu, ilikuwa safi. Juni 2023 wakafunga. Wenyewe walieleza kwamba kumfanya mtu alipie haikuwa kazi kubwa kama kumfanya ajaribu kuhama. Hapo unaona alichosema Kibanda cha Simu.

#5 Chapa_Kazi
Sasa hivi mambo yamebadilika. Mahakama ya Marekani si imeshaamuru Google iuze Chrome, kivinjari chake? Njia nyeupe hiyo.

#6 Binti Mrima
#5 hapana. Serikali ya Marekani *iliomba* Chrome iuzwe. Jaji Amit Mehta alisema Agosti 2024 kwamba Google ni mhodhi, yaani imelishika soko peke yake, na imevunja sheria kulinda uhodhi wake. Lakini Septemba 2025 alipotoa hukumu ya nini kifanyike, akakataa suala la kuuza Chrome. Alichoamuru ni kwamba mikataba ya kuwafungia wengine nje ikome, na baadhi ya data za utafutaji wapewe washindani wenye sifa. Kulipia kiboksi hakukupigwa marufuku moja kwa moja.

Na hao washindani wenye sifa watapimwa huko Marekani, si Nyegezi.

#7 Chapa_Kazi
Asante kwa sahihisho. Bado nasema inawezekana. DuckDuckGo wameanza 2008, mtu mmoja tu, Gabriel Weinberg, na mpaka leo wapo na faharasa yao, yaani ile orodha ya kurasa wanamotafutia.

#8 FundiSeva
Wapo, ila faharasa si yao. Wana roboti yao, programu ya kuzunguka mtandaoni ikisoma kurasa, na vyanzo vyao vidogovidogo, lakini matokeo ya kawaida ya tovuti kwa sehemu kubwa wanayachukua Bing, injini ya Microsoft. Hata Ecosia ya Berlin na Qwant ya Ufaransa zimeegemea hukohuko miaka mingi, na ndiyo maana 2024 wakaungana kujenga faharasa yao ya Ulaya. Wenye faharasa zao kweli wanahesabika: Google, Bing, Yandex, Baidu, Brave, Mojeek ya Uingereza, na wengine wachache.

Faharasa ndiyo shamba. Ukikodi shamba la mtu, siku akilitaka unavuna nini? @KakaMkubwa muulize dogo matokeo atayatoa wapi.

#9 KakaMkubwa
Nimempigia. Anasema mpango wa mwanzo ni kukodi matokeo ya Bing kwa bei nafuu, juu yake wanaweka akili yao ya Kiswahili, kisha wakipata watumiaji wanajenga ya kwao taratibu.

#10 FundiSeva
Mwambie huo mlango umefungwa. Microsoft walikuwa wanauza matokeo ya Bing kwa yeyote mwenye kadi ya benki. 2023 wakapandisha bei vibaya sana. Tarehe 11 Agosti 2025 wakaifunga huduma yenyewe. Wakubwa wenye mikataba yao wakabaki, wadogo wakaelekezwa kwenye huduma nyingine ya akili mnemba ambayo haikupi yale matokeo ghafi.

Simcheki dogo, mradi wetu mmoja kazini ulikufa siku hiyohiyo.

#11 KakaMkubwa
Amenyamaza kwenye simu muda mrefu mpaka nikadhani bando limekata.

#12 Mlinda Lango
Nimesoma uzi wote nikasita kuandika, maana mimi ni mmoja wa wanaowafungia mlango hao wadogo.

Nina tovuti ya habari za mkoani kwetu. Seva ni ya bei ya chini kabisa. Mwaka jana ikawa inazima kila siku jioni, saa ileile ambayo wasomaji ndio wanaingia. Nikaangalia kumbukumbu za seva, nikakuta wasomaji ni wachache, waliojaa ni roboti. Roboti za kila namna, majina sijawahi kuyasikia, zinasoma kurasa za miaka mitano nyuma moja baada ya nyingine, usiku na mchana. Nikaandika kwenye robots.txt, faili linaloziambia roboti nani aingie: Googlebot ruhusa, Bing ruhusa, wengine wote kwaheri. Wale wasiotii nikawazuia kwenye seva kabisa. Tovuti ikapumua siku hiyohiyo.

Sasa fikiria roboti ya dogo inakuja kwangu kesho. Itakuta mlango umefungwa na hata sitajua kwamba ni kijana wa Nyegezi. Google namfungulia kwa sababu ananiletea watu. Dogo ananiletea nini leo? Hana watu. Na hatapata watu bila kurasa zangu.

#13 Kibanda cha Simu
#12 duh. Hiyo sikuijua kabisa. Ila mwekee ruhusa dogo wa mwenzetu basi.

#14 Mlinda Lango
Anitumie jina la roboti yake kwa ujumbe wa faragha. Nitamfungulia leo hii.

#15 Mtaa wa Pili Nairobi
Majirani habari zenu. Mimi naona mnaongea kana kwamba vita ni ya Marekani pekee. Huku kwetu tulikuwa na Mocality.

Ilikuwa orodha ya biashara za Kenya, mali ya Naspers wa Afrika Kusini. Walilipa mawakala kwa M-Pesa, watu wa kawaida, wazunguke mitaani wakiandika biashara moja moja: kinyozi, duka la dawa, fundi wa viatu. Walifika zaidi ya laki moja. Google ilikuwa inajua nini kuhusu fundi viatu wa Githurai? Hakuna.

Januari 2012 Mocality wakaeleza hadharani kwamba wafanyabiashara walio kwenye orodha yao wanapigiwa simu na watu wanaojitambulisha kuwa ni wa Google, tena wakidai wanashirikiana na Mocality. Waligunduaje? Waliweka mtego. Kila mtu aliyeshukiwa akifungua orodha, anaonyeshwa namba ya kituo cha Mocality chenyewe badala ya namba ya mwenye duka. Simu zikaingia, zikarekodiwa. Google walikiri kwamba watu wa mradi wao walitumia hizo data isivyofaa, wakaomba radhi.

Mwaka uliofuata Mocality ikafungwa. Sisemi simu zile ndizo zilizoifunga. Nasema hivi: hata ukikusanya kitu ambacho mkubwa hana, ukikiweka mezani wazi, mkubwa yuko hapo mlangoni.

#16 Mzee wa Modemu
Hii ya Mocality naikumbuka. Mimi nasoma somo tofauti na lako: mkubwa *alihitaji* kazi ya mdogo. Kwa hiyo kipo ambacho mdogo anakiweza.

#17 Mbeba Maboksi
Nawasalimu kutoka Seoul. Huku Google haikuwahi kutawala kama huko nyumbani. Kuna Naver, ya 1999. Kurasa za Kikorea kwenye intaneti zilikuwa chache, wao hawakusubiri. Mwaka 2002 wakaanzisha sehemu ya watu kuulizana na kujibizana kwa Kikorea, majibu yakawa yao. Hata njia ya kwenda kazini naangalia kwenye ramani ya Naver. Mwenye nyumba wangu, mama wa miaka sabini, neno Google analijua ila halimhusu.

Na Urusi wana Yandex, ya 1997, imeitangulia Google. Kirusi neno moja lina miisho kibao, Yandex tangu mwanzo walijua kuyakunjua. Tena 2017, baada ya mgogoro na wasimamizi wa ushindani, simu za Android huko zikaanza kumuuliza mtu achague injini. Yandex ikapanda. Kibanda cha Simu, hoja yako hiyo ina ushahidi.

Kwa hiyo @KakaMkubwa lugha ni silaha. Ila hawa walianza mapema, kabla jamaa hajaota mizizi.

#18 Chapa_Kazi
Hapo sasa! Kiswahili chetu ndicho ngao. Google Kiswahili anakijua kidogo sana.

#19 Binti Mrima
Tusijidanganye, anakijua kuliko tunavyopenda kuamini. Ila #17 kagusa jambo ambalo nalifanyia kazi, mimi ni mtafsiri.

Chukueni neno *mbuzi*. Kuna mbuzi anayekula majani na kuna mbuzi ya kukunia nazi. Neno ni hilohilo. Kinachowatenga ni kile kijisilabi kinachofuata: mbuzi wa bei gani, mbuzi ya bei gani. Sasa injini za kizamani zilizojengwa kwa Kiingereza zilifundishwa kutupa vineno vidogo kama makapi, kwa sababu kwa Kiingereza havina uzito. Kwa Kiswahili ukitupa *wa* na *ya* umetupa jibu lenyewe.

Halafu vitenzi. Mtu anaandika "jinsi nilivyompikia mgonjwa uji". Ndani ya *nilivyompikia* kuna mimi, kuna wakati uliopita, kuna namna, kuna mgonjwa, kuna kupika, kuna kwa ajili yake. Mashine isiyojua kuichambua itatafuta neno zima kama lilivyo na kukosa ukurasa wenye *kupika* na *ampikie*.

Kwa hiyo swali langu kwa dogo ni moja: programu yake inatofautisha mbuzi na mbuzi?

#20 Mama Cherehani
Jamani mimi naomba niseme kitu cha mtaani. Nashona magauni Ilala. Wateja wangu wote, wote, wananitafuta Instagram na TikTok. Msichana anakuja na simu, ananionyesha video, "nataka mgongo kama huu". Hajapita Google hata kwa bahati mbaya. Mimi mwenyewe nikitaka lesi mpya nauliza kwenye kundi la WhatsApp, dakika mbili nina bei tano na sauti za wauzaji.

Nyie mnabishana nani atamwangusha mfalme, wakati raia wameshahama kijiji.

#21 Mwalimu wa Jioni
Mama #20 kweli kabisa, na wengine wamehamia kwenye akili mnemba. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne hawatafuti tena, wanauliza. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, mwaka uliofuata insha zote darasani kwangu zilianza kufanana.

Mei 2025 mkubwa mmoja wa Apple, Eddy Cue, alisema mahakamani kwamba utafutaji kupitia Safari, kivinjari cha Apple, umepungua kwa mara ya kwanza katika miaka 22. Hisa za Google zikaporomoka zaidi ya asilimia 7 siku hiyo. Na kuna Perplexity, kampuni ya 2022 tu, Agosti 2025 ikathubutu kutangaza ofa ya kuinunua Chrome kwa dola bilioni 34.5. Hizo hela hawana, lakini ona ujasiri. Miaka 20 hakuna aliyewatoa jasho Google mpaka hawa.

#22 Mtaa wa Pili Nairobi
Sisi huku tunasema akili unde.

#23 Mwalimu wa Jioni
Mtakuja kutuelewa tu, jirani.

#24 FundiSeva
Mwalimu, usiishie hapo. Robo ya tatu ya 2025 mapato ya kampuni mama ya Google yalivuka dola bilioni 100 kwa mara ya kwanza. Wameweka majibu ya akili mnemba juu kabisa ya ukurasa wao tangu 2024. Kama wanatolewa jasho, linatoka likiwa na faida.

Na OpenAI tusiiite kampuni changa kwenye uzi huu. Ina Microsoft nyuma yake kwa mabilioni. Ukimlinganisha na dogo wa Nyegezi unamwonea dogo.

Nyongeza kwa Kibanda: kiboksi si hela tu. Mahakama ilikuta Google inapokea maswali kwa siku mara tisa zaidi ya washindani wote ukiwajumlisha, na kwenye simu mara 19. Kila mtu anapobofya jibu la tatu akaacha la kwanza, mtambo unajifunza. Mwenye watu wengi anajifunza haraka, akijifunza haraka anapata watu wengi.

#25 Kibanda cha Simu
Kwa hiyo tumerudi palepale. Kiboksi.

#26 Bwana Kisima
Mimi naona wote mnachunguza ndoo na kisima ni kikavu. Jaribuni kutafuta kwa Kiswahili dalili za ugonjwa wa mihogo, au utaratibu wa kuhamisha hati ya kiwanja cha marehemu. Mnafikiri tatizo ni injini? Kurasa hazipo. Maelezo yako kwenye barua zilizopigwa muhuri zikaskaniwa kama picha, kwenye redio asubuhi, kwenye sauti za WhatsApp, kwenye kichwa cha bwana shamba. Mtu ataijenga injini nzuri kuliko zote, ataichota hewa.

Kama ni hela yangu, ningempa dogo akakusanye na kuandika. Kutafuta kuje baadaye.

#27 Binti Mrima
@Bwana Kisima hapo ndipo Naver ya #17 inapoingia. Hawakusubiri kurasa, waliwaandikisha watu. Ila kumbuka pia ya #15, ukikusanya kuna anayekusubiri.

#28 Mzee wa Modemu
Mleta mada umetuacha. Dogo kasemaje?

#29 KakaMkubwa
Nipo. Samahanini, Jumamosi nilikuwa na dogo mwenyewe kwangu, kaja na kompyuta yake. Ahsanteni wote, nimempa uzi huu akausoma tangu mwanzo. Ya Bing imemuuma. Ya Mlinda Lango imemfurahisha mpaka kasimama.

Nikamjaribu kwa swali la Binti Mrima. Wamesomesha mashine kurasa kama elfu arobaini tu, za magazeti na tovuti walizoruhusiwa. Nikaandika "mbuzi wa maziwa". Ikafikiri sekunde kama sita, ikaleta ufugaji. Nikaandika "mbuzi ya nazi". Ikaleta mapishi ya wali na habari ya fundi seremala wa Pemba. Sikuamini, nikarudia mara tatu.

#30 Binti Mrima
Vizuri sana! Mwambie ajaribu *paa*. Paa la nyumba na paa wa porini.

#31 Kibanda cha Simu
Sekunde sita mteja wangu ameshafungua TikTok.

#32 KakaMkubwa
#31 nimemwambia hivyohivyo, anasema ni kompyuta yake ndogo, wakipata seva itapungua. Hela ya seva ndiyo hiyo nane.

#30 tumejaribu. "Paa wa porini" imeleta Serengeti. "Paa la nyumba" imeleta bati na vigae. Nikaandika swali langu mwenyewe, "gharama za kupaua vyumba vitatu", ikaja tupu. Hajaifundisha kwamba kupaua na paa ni ndugu. Ameliandika neno kwenye daftari lake, akalipigia mstari mara mbili, akaendelea na kazi palepale sebuleni mpaka saa nane usiku. Hela bado iko benki.

#33 Mama Cherehani
Mvua zinaanza lini huko kwenu?

#34 KakaMkubwa
Oktoba, mama.